Farasi Aliyeliwa Februari

*11 Januari, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke nyumbani*

Mpwa wangu Umeme,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limejiteua kuwa mtabiri wa mvua. Mpe mama yako pole ya mguu. Mwambie akishuka ngazi za uani ashike ukuta, asishike ndoo. Huku baridi imekaza. Chini ya dirisha langu wamechimba mtaa kutafuta bomba. Wamelipata, kisha wamelipoteza tena. Yule mama wa ghorofa ya pili bado analipiga zulia lake kila Jumamosi kana kwamba limemtukana.

Sasa tuje kwenye kesi yako. Unaniandikia, bila hata haya, kwamba kila siku unacheza sataranji kwenye simu, michezo ya dakika tatu tatu, mmoja juu ya mwingine, hata saa ya chakula kazini, na kwamba ndivyo unavyojinoa. Mwanangu, wewe ni fundi wa meno ya bandia. Kuna mzee ungemtengenezea meno kwa dakika tatu? Angeuma mkate, mkate ungemuuma yeye.

Mchezo wa haraka haukufundishi kufikiri. Unakufundisha kuacha kufikiri bila kuona aibu. Nimefanya kazi ya kusahihisha prufu katika kiwanda cha kuchapa vitabu mpaka nikastaafu, na nakwambia hivi: anayesoma mbio haoni kilichoandikwa, huona alichotarajia kukuta.

Najua kinachokukimbiza. Zamani, mama yako alipozidi kunisumbua nirudi, nilimwandikia kwamba nitarudi siku mtu wa damu yangu atakaponishinda sataranji. Nilijua fika kwamba katika nyumba ile hakuna aliyejua hata farasi anavyoruka. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ningejua kwamba dada yangu angezaa mtu wa kujifunza mchezo ukubwani ili anikamate kwa maneno yangu mwenyewe, ningeahidi kitu kingine. Lakini ahadi ni ahadi, na mchezo wetu wa barua sasa una mwaka wa tatu, hatua moja kwa kila bahasha. Na usiniambie tena tuuhamishie kwenye simu. Simu ni ya habari za msiba.

Hatua yangu, niliyoiwazia siku tisa: ngome yangu inaondoka pembeni na kushika njia ya katikati. Itazame kwa utulivu, kama unao.

Mjomba wako

*6 Februari, mwaka wa ishirini na tisa tangu nizaliwe*

Shikamoo Mjomba,

Tarehe zako zimenipendeza, na mimi nimejitengenezea yangu.

Huku wazima. Mama kasikia ujumbe wako wa ngazi, akasema: "Mwambie kaka yangu aje aushike huo ukuta mwenyewe." Mdogo wangu kapata kazi ya kupakia saruji, jioni anaingia mweupe kama aliyefufuka, na Mama anamwogesha kwa maneno kabla hajafika bombani. Mimi kazi za ziada bado nafanyia barazani, vumbi la jasi likiingia kwenye chai ya watu. Chumba kipo, ila ni chako. Nyumba hii imejengwa ukiwa umeshaondoka, hujawahi kulala humo hata usiku mmoja, lakini kitanda kinatandikwa kila Ijumaa na ufunguo Mama anaufunga kwenye pindo la kanga. Niliomba niweke meza yangu ya kazi pale dirishani. Nilitazamwa, Mjomba. Sikuomba tena.

Kuhusu mkate unaouma watu: nimecheka, lakini umekosea. Fundi aliyenifundisha alinichongesha jino moja la nta, lile la mbele juu, kulia, mpaka nikaliota. Nikamaliza, akalifinyanga, akanirudishia donge: "Tena." Sikumwelewa. Leo mkono unalichonga wenyewe, na mimi nabaki na nafasi ya kufikiria mdomo wa mtu: anaumaje, anacheka upande gani. Michezo ya dakika tatu ni hivyo hivyo. Jicho linazoea. Tena, tena, tena.

Na ushahidi huu hapa. Siku tisa, Mjomba! Ngome uliyoihamisha ndiyo iliyokuwa ikimlinda farasi wako. Nimeliona hilo nikiwa nimesimama mlangoni, kidole bado kimo ndani ya bahasha. Malkia wangu amemla farasi. Alikuwa mnono.

Mama anauliza: ukija utashukia mjini, au tukupokee mpakani?

Mpwa wako Umeme, aliyeshiba

*2 Machi, mwaka wa arobaini na moja*

Mpwa wangu,

Naandika hapa hapa posta, nimesimama, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba kama mbuzi. Nyuma yangu kuna foleni, na bwana mmoja ananipumulia kisogoni. Nimefanya hivi makusudi ili usiseme mjomba wako hajui haraka ni nini. Sijarudi nyumbani, sijaketi, sijautazama ubao. Ubao ninao kichwani.

Farasi wangu umemla, hongera, Mungu amlaze pema. Siku tisa niliitazama njia ya katikati, nzuri kama barabara mpya, nikasahau kuangalia miguuni. Lakini kula si kushinda. Askari wangu wa mbele ya malkia anapiga hatua moja. Ni hilo tu. Umeona? Sijafika hata dakika tatu.

Habari za jasi na chai nimezisoma. Sema na mama yako kuhusu pazia zito. Huzuia vumbi vizuri.

Bwana anakohoa. Nampisha.

Mjomba

*3 Aprili, mwaka wa ishirini na tisa*

Shikamoo Mjomba,

Nimekuuliza utashukia wapi, ukanijibu pazia. Haya.

Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mdogo wangu kapandishwa cheo. Sasa anahesabu mifuko badala ya kuibeba, na anatuhesabia kila kitu humu ndani hadi vijiko.

Nina jambo la kukuambia, na ukicheka cheka kimya kimya. Nilikwenda mashindano ya miji, yale ya michezo mirefu, kila mtu saa moja na nusu ya kufikiri. Ukumbi wa shule, madawati mafupi, magoti yanagusa kidevu. Nimecheza michezo mitano. Nimeshinda mmoja, na huo ni kwa sababu mpinzani alipata homa akaenda zake.

Mchezo wa tatu nilikutana na mama mmoja mhasibu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Kila akicheza, mimi nacheza papo hapo. Naona hatua nzuri, mkono unakwenda. Basi akavua miwani, akanitazama kwa huruma kabisa, akaniuliza: "Binti, kuna basi unaliwahi?" Watu wakacheka. Hatua mbili baadaye akanikomesha. Nikatazama saa: nilikuwa nimetumia dakika kumi na moja. Saa nzima na zaidi imebaki, na mimi nimekwisha.

Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikajaribu kukumbuka nilipokosea. Sikukumbuka hata hatua nilizocheza. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko kushindwa. Jino likivunjika najua lilipovunjikia.

Kwa hiyo nimefuta ule mchezo kwenye simu. Si kwamba umeshinda kesi. Nimekuahirishia hukumu.

Hatua yangu: ngome yangu inasogea nyuma ya malkia. Nimeifikiria siku mbili. Kwangu hiyo ni kwaresima.

Umeme (umekatika kwa muda)

*8 Mei, mwaka wa arobaini na moja*

Mpwa wangu,

Sikucheka. Sawa, nilicheka pale kwenye basi, lakini nilifunga dirisha kwanza.

Hapa mtaa wameufukia, na bomba wamelisahau upande wa pili, kwa hiyo wanachimba upande wa pili. Goti limetulia. Wale wenzangu wa sataranji ya Jumanne katika chumba cha nyuma cha maktaba wamepungua: mmoja kahamia kwa mwanawe. Tumebaki wanne, na wote tunadanganya kuhusu macho yetu. Niliwasomea barua yako, ukurasa wa mashindano. Wametaka anwani ya mhasibu.

Sasa nisikilize kidogo, bila utani. Hukushindwa kwa sababu unacheza haraka. Umeshindwa kwa sababu hukujua mwendo mwingine. Mkono wako umejifunza kwamba hatua ya kwanza kuonekana ndiyo hatua. Ukiona nzuri, ikalie mikono. Kweli, kalia mikono, kitako juu ya viganja, ndivyo nilivyofundishwa mimi; halafu jiulize mwenzako ametoka kufanya nini, na kwa nini kete yake iko pale ilipo. Hilo tu kwa kila hatua, mpaka likuchoshe, mpaka lisikuchoshe tena.

Mama yako zamani alikuwa akinijia na methali yake ya haraka na baraka. Nawe najua utaniletea ile ya kungoja na kuumwa tumbo. Tuziache. Kila methali ina ndugu yake anayeipinga, na wote wanakula sahani moja.

Kuhusu mchezo wetu, nashangaa unavyocheza kwa kiburi. Unaendesha ngome kama mwenye mji wakati mambo yako sawa kwa sawa! Basi pokea hii: farasi wangu wa pembeni anaruka na kumtishia mfalme wako. Mkimbize.

Mjomba wako

*4 Juni, mwaka wa ishirini na tisa*

Shikamoo Mjomba, na pole sana kwa msiba.

Farasi gani?

Nilipofungua barua, mkono ukawahi kuushika mfalme. Mazoea. Kwenye mchezo wa dakika tatu ukitishiwa unakimbia, huna muda wa kuuliza aliyekutisha ni nani. Nikakumbuka maneno yako, nikakalia mikono. Nikajiuliza: kete yake iko pale kwa nini? Nikatazama pale. Amekaa malkia wangu mwenyewe.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikatoa bahasha zote kwenye mkebe, za miaka yote mitatu, nikapanga ubao upya na kucheza mchezo mzima tangu hatua ya kwanza, barua kwa barua. Mama akaja na kikombe, akauliza, "Hao wanarudia vita?" Nikamwambia kuna farasi aliyekufa Februari anaonekana akitembea Mei. Akasema, "Kwa kaka yangu, naamini."

Mjomba, farasi huyo nilimla mimi. Ulinijibu ukasema Mungu amlaze pema. Halafu ukafanya nini? Nahisi najua. Uliandika ukiwa umesimama posta, ubao ukiwa kichwani. Ulipofika nyumbani ukamsogeza askari wako, malkia wangu ukamsahau alipokuwa, na maiti hukuiondoa. Miezi mitatu unaniwazia mchezo ambao haupo. Ndiyo maana nikaonekana nina kiburi! Nina kete nzima zaidi yako.

Msahihishaji mzima. Wewe uliyenambia anayekwenda mbio huona alichotarajia kukuta. Umekimbia mara moja tu katika maisha yako, ukaanguka.

Sitakulazimisha. Ukitaka kuirudisha hatua yako ya Mei, irudishe, ucheze nyingine. Ila farasi hafufuki.

Nimetazama ubao vizuri, wiki nzima, kwa kukalia mikono. Hatua nne, tano hivi, na umekwisha. Nadhani unaona.

Mama tayari anajua. Sikumwambia, lakini nilikuwa nikiimba jikoni, na mimi siimbi. Ameanika godoro.

Mpwa wako

*29 Agosti*

Shikamoo Mjomba,

Miezi karibu mitatu. Nilipiga ile simu ya misiba. Aliipokea mwanamke, nadhani yule jirani yako wa zulia. Tukashindwa kusikilizana lugha, lakini alicheka na kusema neno ambalo nalichukulia kuwa ni "mzima". Basi ni mzima. Basi ni wewe tu.

Nimeshiriki tena mashindano. Michezo mitano, nimeshinda mitatu. Nikakutana na mhasibu tena, tukatoka sare, na safari hii yeye ndiye aliyeitazama saa. Kwenye simu nimerudi kucheza kidogo, jioni moja moja, ila kila nikipoteza naurudia mchezo ule ule polepole nione nilipopofuka. Nilitaka kukuambia hilo wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Nilidhani Mama atakasirika kwa kimya chako. Hakukasirika. Jana alikuwa akikunja shuka za kitanda chako, nikamwambia, "Mama, pengine anafikiri." Akasema, "Mjomba wako alikuwa anafikiri mpaka maji ya kuoga yanapoa. Tangu utoto. Tukimwita, anasema anakuja." Akakunja shuka nyingine. "Mwandikie. Mwambie sitaki jibu zuri. Nina miaka sitini, majibu mazuri ninayo ya kujaza sanduku. Nataka jibu."

Nimekuandikia kama alivyosema, neno kwa neno.

Mimi nilijifunza mchezo huu kwa ajili ya hilo, Mjomba. Unajua. Baadaye nikaupenda wenyewe, lakini ulianza kwa ajili ya hilo.

Zamu ni yako.

*3 Oktoba, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke nyumbani*

Mpwa wangu,

Barua zako mbili ninazo mezani. Mimi mzima, jirani alisema kweli, ingawa neno alilokuambia si "mzima", ni "mkaidi". Goti halijambo. Hongera ya mitatu kati ya mitano, na ya ile sare nakupa hongera mbili.

Nimemlaza mfalme wangu ubavu. Umenishinda, na umenishinda kihalali. Ni kama ulivyodhani: nilirudi kutoka posta nimejaa furaha ya mzaha wangu, nikamsogeza askari, nikavua koti. Farasi akabaki amesimama pale pale, na kila asubuhi nikawa napanga mambo makubwa ya kumfanyia. Sina cha kujitetea, na hatua siirudishi. Wazee wa Jumanne wameniita Bwana Mazishi tangu nilipowasimulia.

Kesi yetu ya haraka na polepole nimeipoteza vilevile, au tuseme nusu. Jicho lako la dakika tatu lilimla farasi kabla hujavua viatu. Utulivu wako ndio uliogundua kwamba alikuwa amekufa. Ungekuwa na kimoja tu kati ya hivyo, nisingeshindwa. Kwa hiyo cheza michezo yako ya mbio, michache, na uirudie kama unavyoirudia; asiyerudia mchezo aliopoteza anafanyia mazoezi makosa yake. Ulifika hapo peke yako, mimi natia sahihi tu. Na kuna jambo nililolijua kwa kuchelewa: nilidhani kila anayekwenda polepole anafikiri. Wengine hatufikiri. Hatuchezi tu.

Sasa jibu la mama yako.

Njia imekuwa wazi karibu miaka kumi. Wakubwa walionifukuza nchini wamezeeka kama mimi, na wengine naambiwa ni wapole siku hizi. Kwa hiyo si woga. Watu niliowaacha nawajua kwa barua za mama yako, na wengi wao ameniandikia habari zao mara mbili, mara ya kwanza wakiwa wanaumwa. Anayenijua huko ni yeye peke yake, na anamjua kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa akipooza maji ya kuoga. Huku kuna watu watatu wanaoninunia nikichelewa siku ya Jumanne. Kuna kaburi la mkaza mjomba wako, ambalo sina wa kumwachia. Naota kwa lugha ya huku. Nilipogundua hilo nililia, kisha nikazoea.

Niliendelea kusema nitarudi kwa sababu kusema kinyume chake kulionekana kama kuondoka mara ya pili, na ile ya kwanza sikuiweza. Nikaiwekea sharti la mchezo, nikacheka, na mama yako akanitandikia kitanda. Miezi hii mitatu sikuwa nikiutazama ubao, Umeme. Nilikuwa nikikitazama kitanda hicho.

Shuka ziondolewe. Ufunguo utoke kwenye pindo la kanga. Weka meza yako pale dirishani, na chai ya watu inyweke. Kama mguu utamruhusu mama yako kupanda ngazi za jengo langu, aje aone mtu aliyekuwa akimsubiri. Nitampokea mwenyewe chini, na ukuta nitamwonyesha. Nawe njoo, tucheze mmoja wa dakika tatu, unidhalilishe mbele ya wazee wenzangu.

Mama yako nimemwandikia bahasha yake peke yake, mstari mmoja, asije akaupata mdomoni mwako. Ule mstari nakuandikia na wewe, ili usiutafutie maana nyingine.

Sitarudi.